Busta ya mtandao nyumbani: pima nje kwanza

Ndugu, kama ndani simu inakatakata lakini ukitoka uani unapata vijiti viwili, busta itakufaa. Kifaa hiki hakitengenezi mtandao, kinakuza uliopo. Kama nje nako hakuna kitu, hela yako itapotea bure. Panda mahali pa juu na simu, ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya SIM, usome nguvu ya mawimbi: -85 dBm ni nzuri, -110 ni hoi. Penye namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndipo pa kufunga antena ya nje, ielekee mnara.

Mafundi wengi huiweka antena ya ndani, inayosambaza mtandao uliokuzwa, karibu na ya nje. Hapo zinarudishiana mawimbi, kama maiki iliyosogezwa kwenye spika, na mnara unaweza kuvurugika hadi majirani wakakosa mtandao. Paa la mabati, ambalo ndilo linakuzibia mtandao, hapa linasaidia kuzitenganisha.

Vya bei chee visivyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania (Kenya ni CA), achana navyo kabisa. Na uliza masafa ya mawimbi (MHz) kinayokuza kifaa kabla ya kulipa: cha 900 MHz pekee hakikuzi 4G iliyo kwenye 1800.