Mwanangu, mashaka yako hayakumdhuru mama yako

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Karafuu zimeanikwa uani kote, hata njia ya kisimani tunaipita kwa kuruka majamvi. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama ni kweli aliyoyasema yule mzungumzaji wa semina huko Dar es Salaam, kwamba fizikia ya kwantamu imethibitisha kuwa fikra za mtu huumba hali yake, na kwamba elektroni hubadilika ikitazamwa. Kisha chini kabisa, kama mtu atoaye neno keshafika mlangoni, ukaandika: "Baba, siku ile kwenye simu nilikwambia sioni kama mama atapona. Je, lau ningeamini?"

Swali lako ni hilo la pili, basi nalijibu mwanzo. La, mwanangu. Ile saratani ilikuwa imeshakaa ndani ya ini lake kabla hujajua kuwa anaumwa, na siku zile ulizokuwa na yakini kabisa kwamba ni mzima ndizo siku ilizokuwa ikikua.

Sasa hilo la elektroni. Nimelisomesha miaka 31, na linanichoma kuona elimu niipendayo inatwikwa mzigo usio wake, tena mzigo wenyewe unaishia mabegani mwako.

Unakumbuka usiku nilipokung'oa unywele mmoja ukanuna? Niliutega mbele ya tochi ya leza, ile nyekundu, mwanga ukapiga ukuta wa chumba cha nje. Ulitaraji kivuli chembamba cha unywele. Badala yake ukutani pakatokea mstari wa madoa: jekundu, giza, jekundu, giza, yakizidi kufifia huku na huku. Mwanga ulipita pande zote mbili za unywele ukakutana wenyewe kwa wenyewe, kama mawimbi yanavyofanya. Mwingereza Thomas Young aliuonesha ulimwengu jambo la namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1800.

Ajabu yenyewe ni kwamba elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme zilizomo ndani ya atomu, nazo hufanya hivyo. Mwaka 1989 Wajapani, Akira Tonomura na wenzake, walizipitisha moja moja mahali penye njia mbili. Kila elektroni iliacha nukta moja tu, huwezi kujua itaangukia wapi. Nukta zilipokuwa nyingi, ikajichora mistari, penye nukta na pasipo nukta, kama yale madoa ya ukutani. Na ukiweka kifaa cha kujua kila elektroni imepita upande gani, mistari hupotea. Hapa ndipo yule bwana wa semina alipopata maneno yake. Amesikia "ikitazamwa", akadhani ni jicho la mtu na moyo wa mtu.

Neno letu la Kiswahili lingemuokoa: kupima. Hupimi damu bila kuitoa mshipani. Hupimi moto wa uji kwa kidole bila kidole na uji kugusana. Kitu kidogo kama elektroni hakina namna ya kupimwa kisiguswe, na kikiguswa alama ya njia yake hubaki mahali fulani. Alama hiyo ndiyo inayofuta mistari, awepo mtu chumbani asiwepo. Mwaka 2004 huko Vienna walipitisha molekuli za kaboni, kila moja ina atomu 70, wakazipasha moto. Zilipopata moto sana zikaanza kutoa mwanga zenyewe, na ule mwanga uliotoka ukabeba habari ya njia zilikopita. Mistari ikafifia hadi kutoweka. Hakuna aliyeupokea mwanga ule ausome, na hakuna aliyeamini wala kukanusha kitu. Joto peke yake lilitosha.

Sitaki nikudanganye kwamba yamekwisha. Wanafizikia mpaka leo wanabishana nini hasa hutokea kipimo kinapofanyika. Eugene Wigner, mtu mkubwa, aliandika mwaka 1961 kwamba huenda fahamu ya mtu ina sehemu yake, na baadaye mwenyewe akaiacha rai hiyo. Lakini hata ukimpa yule bwana hoja yake yote, kuna mahali hawezi kupita. Tangu Max Born mwaka 1926 tunajua kuwa hesabu hutoa uwezekano tu: nukta nyingi zitaanguka hapa, chache pale. Anayepima hachagui. Hakuna maabara iliyoonesha kwamba mtu akitaka sana, nukta itasogea upande anaoutaka. Basi kama matakwa hayasogezi nukta moja ya elektroni, ini la mama yako lingesogezwaje na neno ulilolisema kwa simu ukiwa Dar, usiku, umechoka, unalia?

Wala sisemi imani haifanyi kitu. Mimi ni mtu wa Pemba, nitasemaje hivyo?

Mapema mwaka 1995 wewe hujatimiza miaka miwili. Hofu ya popobawa, lile jini la mabawa lisemwalo huvamia watu usiku, iliwaka huku kwetu, ikavuka Unguja, ikafika hadi Dar. Nilikuwa mwalimu, najua ninachokijua, na bado nilitoka nje kulala na majirani, tumezunguka moto, kwa sababu mtaa mzima ulitoka na hakuna aliyetaka kubaki ndani peke yake. Wewe ulilala kifuani kwa mama yako ndani ya kanga, yeye macho yamemtoka mpaka alfajiri. Paani hapakuwa na kitu, hilo nalishikilia mpaka leo. Lakini uani tulikuwapo watu arubaini, na hao ni kweli, na usingizi tuliokosa ni kweli, na ugomvi uliozuka baina ya majirani kwa kushukiana ulikuwa kweli kwa miaka. Imani haikuumba mnyama mwenye mabawa. Ilipita ndani ya watu, ikawatoa vitandani.

Na mwilini vilevile hupita. Mwaka 1978 huko Marekani waliong'olewa meno walipewa dawa isiyo na kitu ndani, na baadhi yao maumivu yakapungua. Wakapewa naloksoni, dawa inayozuia mofini, ile dawa kali ya maumivu, isifanye kazi, maumivu yakarudi. Maana yake ubongo, kwa kuamini tu, ulikuwa umetoa dawa yake wenyewe. Lakini isikilize na hii: mwaka 2011 wagonjwa wa pumu walipewa pampu yenye dawa, na siku nyingine pampu tupu. Ukiwauliza, nafuu ilikaribiana, asilimia 50 na 45. Walipopuliza kwenye kipimo, pumzi iliongezeka kwa asilimia 20 kwa dawa, na 7 kwa ile tupu, sawa na siku walizokaa bila kupewa chochote. Moyo ulipata raha, mapafu yakabaki yalipo. Ndiyo maana mama yako alipotaka kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani, nililichukua kwa mikono yangu miwili nikamnywesha, na vidonge vyake sikuacha kumpa.

Tena dua tuliyoomba wote haikuwa ile anayoifundisha mtu wa semina. Yeye anakufundisha kuamuru. Sisi tuliomba, na anayeomba anajua kuwa aweza kunyimwa. Ukinyimwa huulizwi ulipungukiwa wapi.

Kuna jambo sikukwambia, nalo limenikaa kooni tangu Rajabu. Wiki mbili kabla hajatutoka, mama yako aliniita baada ya Alasiri, nikadhani anataka maji. Akaniambia niuze yule mbuzi jike wakati bei nzuri, sanda keshaiweka kwenye sanduku la bluu chini ya kanga za harusi, na wewe nisikuite mbio usije ukapanda boti ya usiku bahari ikichafuka. Nikamwambia asiseme hivyo, atapona. Akanishika mkono akacheka kidogo. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyenifunza kuhesabu."

Alijua, mwanangu. Alijua kabla yako na kabla yangu, na hakumlaumu mtu. Sanduku bado sijalifungua tena. Nakungoja wewe.

Baba yako