Maoni ya mgeni yasitoke nje ya seva yako

Hiyo akaunti ya "mgeni" usiifungue. Kama umeshaifungua, ingia sasa hivi ufute tokeni yake (msimbo unaoiruhusu fomu kutuma kwa jina la akaunti), halafu urudi tuongee.

Kwa wanaopita: mleta uzi yuko Moshi, anasimamia seva ya Mastodon (programu ya mtandao wa kijamii ambayo kila kikundi kinaweza kuendesha seva yake, na seva zinabadilishana posti) ya waongoza wageni na wapagazi wa Kilimanjaro. Anataka watalii walioshuka mlimani waandike maoni chini ya posti bila kujiandikisha. Mpango wake ni fomu kwenye ukurasa wa kikundi, nyuma yake akaunti moja inayoitwa mgeni, na kila kinachojazwa kinatumwa kama jibu kutoka kwenye akaunti hiyo.

Mpango huu unafundishwa kwenye video chungu nzima na unaniudhi kweli. Mwalimu anaandika maoni ya majaribio, yanatokea, anasema hongera, video imeisha. Haonyeshi fomu hiyo ikishakaa hewani wiki tatu. Anayefundisha watu kufungua mlango bila kuwaambia nani atapita anawakosea, na wanaolipia kosa hilo ni wanachama ambao hata video hawakuiona.

Shida iko hapa. Kwenye Mastodon hakuna maoni yasiyo na mwenyewe. ActivityPub, kanuni ya seva hizi kupelekeana ujumbe, iliyoidhinishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2018, inataka kila ujumbe uwe na mtumaji, na Mastodon inakagua saini ya kidijitali: ujumbe ukifika, seva inayopokea inachukua ufunguo wa wazi wa mtumaji kutoka kwenye seva yake, inalinganisha, ndipo inakubali. Mtalii akijaza fomu yako, saini si yake. Ni ya seva yako. Ni sawa na kuacha muhuri wa chama juu ya benchi pale stendi.

Boti za spamu hazichelewi kuikuta fomu iliyo wazi. Kwa mipangilio ya kawaida Mastodon inaruhusu akaunti moja kutuma posti 300 kila saa 3, kwa hiyo usitegemee programu yenyewe ikuzuie mapema. Na kibaya zaidi si wingi, ni alama ya @. Boti ikiandika @ ikafuatiwa na anwani ya mtu wa seva nyingine, seva yako inageuza hayo maandishi kuwa mtajo na kumpelekea mhusika mpaka kwenye arifa zake. Huyo mtu hakufuati, Moshi haijui, lakini simu yake imelia kwa tangazo la kitapeli lenye domeni yako, yaani jina la seva yako. Februari 2024 Fediverse, yaani mtandao wa seva zote zinazowasiliana hivi, ilimwagiwa spamu kwa mitajo ya namna hiyohiyo, kupitia seva ndogo zilizoachwa na usajili wazi bila mtu wa kuziangalia. Baada ya hapo Mastodon ilibadilishwa ili seva ambayo wasimamizi wake hawaonekani irudi yenyewe kwenye usajili wa kuidhinishwa. Wewe unataka kuwapa watu fomu isiyo na usajili kabisa.

Msimamizi wa upande wa pili hatakaa kuchambua ni mgeni yupi aliyeandika. Anafungia domeni nzima. Akiwa mpole atakuwekea mipaka tu, posti zenu zionekane kwa wanaowafuata peke yao. Akiwa amechoka anawasimamisha, na hapo seva yake inafuta nakala za akaunti zenu zote na kukata ufuasi wa pande zote mbili. Mpagazi ambaye hajawahi kugusa fomu yako anapoteza wafuasi wake wa Ujerumani siku hiyohiyo. Ukiandika barua ya kuomba radhi na ukafunguliwa, ufuasi uliokatwa haurudi: kila mmoja afuate upya kwa mkono, na wengi hata hawajui kwamba walikatwa. Tena orodha za domeni zilizofungiwa hugawanywa. Msimamizi mwingine anapakia faili la orodha hiyo (CSV), domeni yako imo, na hajawahi kuona posti yako hata moja.

Usijipe moyo kwamba utafuta. Kufuta kwenye ActivityPub ni ombi linalotumwa kwa seva nyingine. Yenye adabu inatii, iliyozimika haipati habari, iliyoandikwa vibaya inapuuza.

Kwa hiyo kanuni ni moja: maoni ya mgeni yabaki kwenye seva yako, yasisainiwe kwa ufunguo wako, yasitumwe popote.

Kwanza tenganisha wageni. Mwenye akaunti kwenye seva yoyote ya Fediverse si mgeni, ingawa hajajiandikisha kwenu. Anaweza kujibu kutoka kwao: kuanzia toleo la 4.2 la Mastodon, akibonyeza kujibu kwenye posti yenu anaulizwa domeni ya seva yake na kupelekwa huko. Akishindwa, anakili kiungo cha posti na kukibandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha seva yake. Maoni yake yanakuja na saini yake, akikosea anafungiwa yeye.

Kwa asiye na akaunti kabisa, weka posti zinazohitaji maoni kwenye WordPress (programu ya kuendesha tovuti) yenye programu-jalizi, yaani kiongezo, ya ActivityPub. Posti inatoka hapo kwenda Fediverse, wanachama wenu wanaisambaza kutoka Mastodon, na majibu ya Fediverse yanarudi kama maoni chini ya ukurasa. Maoni ya mtu ambaye hajaingia kwa akaunti yanabaki ukurasani, hayatumwi nje. Kwenye mipangilio ya majadiliano washa kwamba kila maoni yaidhinishwe kwa mkono. WordPress kwa kawaida huzuia yenye viungo 2 au zaidi. Shusha iwe 1. Ongeza sehemu ya mtego: kisanduku ambacho binadamu hakioni na boti inakijaza, kikijazwa tupa. Fomu iliyotumwa ndani ya sekunde 3 tangu ukurasa ufunguke, tupa pia.

Angalia sana kuzuia kwa anwani ya IP. Kundi la watalii 12 waliolala hosteli moja wanatoka na anwani moja ya Wi-Fi, na wenye laini za simu mara nyingi wanachangia anwani moja na watu wasiojuana. Ukiweka maoni moja kwa saa umefungia hosteli nzima. Anzia 10 kwa saa.

Foleni ya kuidhinisha iwe na watu wawili wanaoshinda mjini. Njia ya Machame ni siku 6 au 7 na mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwongoza wageni hafai kuwa msimamizi pekee. Usiweke maoni yajiidhinishe yenyewe yakikaa siku fulani; hapo umerudi kulekule. Maoni yanayomtaja mpagazi kwa jina na kumtuhumu wizi yasipite kabla hajaulizwa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Barua pepe ya mgeni usiidai kama huihitaji; ukiihifadhi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Kabla hujatangaza fomu, fanya jaribio hili. Fungua akaunti kwenye seva nyingine kabisa, isiyowafuata. Toka kwenye akaunti zako zote, jaza fomu kama mgeni, andika @ na anwani ya ile akaunti ndani ya maoni, kisha uyaidhinishe. Subiri saa moja. Arifa ikiingia kule, maoni yanavuja: funga fomu na ulete hapa majina ya programu-jalizi zote ulizowasha pamoja na matoleo yake, tutafute inayotuma.