Uliza, alafu nyamaza: maswali ya walimu wa Nairobi

*Nikiuliza swali Gredi ya 5 yangu hapa Kayole darasa lote linanyamaza, mwishowe najijibu mwenyewe. Nifanyeje?*

Mwalimu, wewe pia nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 alipima walimu wanangoja muda gani baada ya kuuliza, akapata ni kama sekunde moja tu, na walipofikisha tatu hivi majibu yakawa marefu na watoto wengi zaidi wakaanza kuongea. Kwa hivyo hesabu moyoni polepole hadi tano, usirudie swali wala kuongeza "si hii ni rahisi?"

Alafu angalia swali lenyewe. "Mto Nairobi unaingia mto gani?" Athi, basi maneno yameisha. Jaribu hivi: "Kwa nini mvua kubwa ikinyesha wa kando ya Mto Mathare ndio huhama kwanza?" Mmoja atasema takataka zimeziba mitaro, mwingine nyumba ziko karibu sana na maji, na hapo tafadhali usikimbilie "vizuri sana" juu ukishasema hivo wengine wanaacha kufikiria, uliza "umejuaje?" Hilo nalipenda kuliko mbinu zote, ila liulize hata jibu likiwa sawa, kwa sababu watoto wakigundua "umejuaje" ni ya aliyekosa peke yake, watanyamaza tena.

*Niko na watoto 70, wanaonyoosha mkono ni wale wale watatu.*

Kila mtu afikirie kivyake kwanza, aambie jirani yake wa dawati, alafu uchague yeyote aseme venye mwenzake amesema. Frank Lyman aliandika kuhusu njia hii 1981 na bado inafanya kazi. Jina litaje baada ya swali. Ukilitaja kabla, wale wengine 69 wanapumzika.

*Na silabasi nitamaliza saa ngapi?*

Maswali mawili matatu ya kufikirisha kwa kipindi yanatosha, na uyaandike mapema kwenye maandalio ya somo, maswali mazuri hayaji tu ukiwa na chaki mkononi. Maswali ya kukumbuka tu nayo yabaki. Isitoshe CBC yenyewe, yaani mtaala wetu wa umilisi, tangu 2017 imeweka kufikiri kwa kina kwenye umilisi wake, kwa hivyo huo muda hujauiba popote.

*Mtoto akiuliza kitu sijui je?*

Mwambie hujui. Andika swali lake ubaoni, muulize yeye angeanzia wapi kutafuta, na kesho mulirudie pamoja.