Barua kwa mwanangu: ile ishu ya mjomba wako na trasti

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku na asubuhi nikairudia. Unauliza kama mjomba wako anaweza kuondolewa udhamini, yaani asiwe tena mshika mali ya trasti, ile mali anayoishika kwa niaba yenu, maana nyumba ya trasti kampangisha mwanawe kwa kodi ya kindugu na huu mwaka wa tatu hajawaonyesha hesabu. Kuondolewa anaweza, mahakama inayo hiyo nguvu, na hesabu ni haki yenu wanufaika sio hisani yake. Ila mi nataka nikwambie habari ya daftari.

Si unajua kabla yake mdhamini nilikuwa mimi. Tulikwambia niliacha kwa sababu nimechoka. Wapi! Ule mwaka ulipolazwa hospitali, mfukoni sina kitu, nikachota hela ya trasti, siku ya kumi na moja nikarudisha yote, ila kwenye daftari sikuandika. Kikao cha familia kikafika, mjomba wako akatoa karatasi ya benki imekunjwa mara nne, akaikunjua polepole mbele ya mama zako wadogo, akainyoosha kwa kiganja, kidole kwenye ule mstari: "Dada, hii nini?" Bora angefoka. Mpaka leo nikiona mtu ananyoosha karatasi vile tumbo linanikata.

Nikamwambia hela si imerudi? Wakili ndo akanisimulia kesi ya Uingereza ya 1726, Keech na Sandford, mdhamini alikuwa anamshikia mtoto mkataba wa kupanga soko, mwenye soko akagoma kumuongezea mtoto muda, basi jamaa akauchukua kwa jina lake mwenyewe, mahakama ikasema hata hivyo ni wa mtoto na faida airudishe. Na hakuiba yule! Hela ya watu ina daftari lake, mwanangu.

Sasa mtu aliyenikunjulia karatasi vile anampangishaje mwanawe kimyakimya... hapana, ngoja. Pengine nyumba ilikosa mpangaji, na kodi kidogo si bora kuliko nyumba kuoza tupu? Lakini si angeandika? Si angewauliza kwanza? Hela ya watu ina daftari lake, na yeye ndo alonifundisha, kwa aibu.

Sisemi ni mwizi, sisemi sio, tumenyonya ziwa moja. Mwandikieni kwa adabu, mwombeni hesabu za miaka yote mitatu na mkataba wa ile nyumba, mpeni tarehe. Na hati ya trasti kasome mwenyewe kipengele cha kubadilisha mdhamini, usisubiri kusomewa. Mahakamani msikimbilie, gharama za mawakili zinaweza kuishia kutoka kwenye trasti hiyohiyo. Akigoma... akigoma nitakuwa na neno, ila leo usiniulize.

Ile karatasi ya benki ninayo mimi, iko kwenye bahasha moja na cheti chako cha kuzaliwa. Ukija ichukue, uende nayo kikaoni.

Mama yako