Biskuti laini za oti na matunda ya mapukutiko

Wengi wanaolalamika kwamba biskuti zao za oti hukauka siku ya pili huilaumu oveni, ilhali jambo la kuangaliwa kwanza ni maji: yametoka wapi, yameshikwa na nini, na yatabaki humo kwa muda gani. Biskuti laini si biskuti mbichi. Ni biskuti iliyoiva na kubaki na unyevu ndani yake, na unyevu huo hauna budi uwe umekwisha kufyonzwa na oti, sukari na tunda kabla trei haijaingia motoni. Ukilizingatia hilo, mengine yote yanakuwa mepesi.

Ninaishi katikati ya Uingereza, ambako Septemba na Oktoba, majira ya mapukutiko majani yanapoanguka, matofaa huwa mengi hata majirani huyaweka ndooni nje ya uzio ili mpita njia ajichukulie bure. Mara nyingi ni Bramley, tofaa kubwa la kijani lenye ukali wa kukunja uso, ambalo mti wake wa kwanza uliota kutokana na mbegu iliyopandwa Southwell, Nottinghamshire, mwaka 1809. Wenyeji hawalili bichi ila hulipika, na likipata moto huvurugika lote likawa rojo. Kwa sababu hiyo silikati vipande vya kutia katika biskuti. Nalimenya, nalikatakata, nalipika kwa moto mdogo bila kuongeza tone la maji, pamoja na kijiko cha sukari na kijiti cha mdalasini, huku nikikoroga mara kwa mara lisishike chini. Linakuwa tayari pale ambapo mwiko ukipitishwa katikati ya sufuria unaacha njia, na njia hiyo haijifungi upesi. Kabla ya hapo bado lina maji mengi, na maji hayo ndiyo yatakayozifanya biskuti zisambae na kushikana kwenye trei.

Anayependa kukutana na tunda chini ya meno atumie matofaa ya aina ya Cox au Braeburn, ambayo hayavurugiki kwa urahisi. Yakwaruzwe pamoja na maganda, kisha yafungwe katika kitambaa safi na kukamuliwa kwa nguvu kama tunavyokamua tui la kwanza. Utashangaa kuona kiasi cha maji kinachotoka, na juisi hiyo inafaa kunywewa papo hapo na mpishi. Beri nyeusi zinazochumwa vichakani sizitii kabisa, kwa kuwa hupasuka na kuacha madimbwi ya zambarau. Wazee wa huku walikuwa wakisema zisichumwe baada ya tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, kwa kuwa shetani amekwisha kuzitemea mate. Mimi naona tu kwamba kufikia wakati huo zimelowa na kupoteza ladha.

Tunda kavu ndilo rafiki wa kweli wa biskuti laini. Tende zilizokatwa vipande vidogo hushika unyevu kwa siku kadhaa, na katika hili pwani ya kwetu Afrika Mashariki imetuachia mkono mzuri: tumezoea tende tangu utotoni, wala hatuhitaji kuambiwa kwamba zinakwenda vizuri na iliki na karafuu. Zabibu kavu naziloweka kwa robo saa katika chai ya rangi ya moto, kisha nazichuja na kuzikausha kwa taulo la jikoni, kwa maana zabibu ambazo hazikulowekwa hunyonya maji ya biskuti yenyewe. Aliye Tanzania anaweza kupika plamu za Lushoto kwa njia ile ile ya Bramley, maadamu awe na subira ya kuzikausha hadi ziwe nzito.

Kuhusu oti, nunua zile bapa za kawaida za kupikia uji. Zile za papo kwa papo, ambazo huiva kwa kumwagiwa maji ya moto tu, zimesagwa mno na hutoa biskuti yenye utepetevu wa uji. Zile kubwa nene nazo huchelewa kulainika. Sukari iwe ya kahawia, tena iliyokoza, kwa kuwa asali ya miwa iliyobaki ndani yake huvuta unyevu. Sukari guru iliyopondwa vizuri inafanya kazi hiyo hiyo, na kwa ulimi wangu inapendeza zaidi.

Vipimo vyangu ni hivi. Gramu 115 za siagi iliyolainika huchanganywa na gramu 150 za sukari hadi zishikane, bila kupigwa sana, kisha hutiwa kiini cha yai moja na gramu 100 za lile rojo la tofaa lililokwisha kupoa. Ute wa yai nauacha kando, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji na huifanya biskuti iwe keki. Kando nachanganya gramu 130 za unga wa ngano, gramu 150 za oti, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini na kungumanga kidogo ya kukwaruza. Vikavu vikiingia kwenye vilaini, koroga kwa mwiko hadi unga usionekane tu, ndipo utie gramu 100 za tende na zabibu. Kinyunya hicho kikae kwenye friji kwa saa moja. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa maana oti hupata muda wa kunywa.

Fanya madonge ya ukubwa wa limau dogo, yabonyeze kidogo kwa kiganja kwa kuwa hayatasambaa sana, uyaoke kwa nyuzi 180, au 160 kama oveni ina feni, kwa dakika 12 hivi. Zitoe kingo zikiwa zimeshika rangi na katikati pakiwa bado pananesanesa ukipagusa. Ziache juu ya trei dakika 10, kwa kuwa joto la trei linaendelea kuziivisha. Ukisubiri hadi zionekane zimeiva ndani ya oveni, umekwisha kuchelewa.

Zikipoa kabisa, zifungie katika kopo lenye mfuniko wa kubana, peke yake, bila kuchanganywa na biskuti kavu, ambazo zitazinyang'anya unyevu. Madonge yasiyookwa hukaa vizuri kwenye friza, nami huyaoka machache machache wageni wanapobisha hodi, yakiwa bado na barafu, kwa kuongeza dakika 2 au 3 tu.