Binti anakesha usiku: kabla ya kumnyang'anya simu, muulize

Pole sana, dada. Umesema binti yako wa kidato cha tatu anakesha, darasani anasinzia, na shemeji anashikilia kuwa dawa ni kumnyang'anya simu. Mimi ni matroni wa bweni, haya nayaona kila muhula.

Simu inaweza kuwa chanzo, ichukueni usiku, na zenu pia. Lakini yuko anayekesha kwa sababu anachati, na yuko aliyezima taa, kajifunika gubigubi, na usingizi hauji. Huyu wa pili usimchukulie poa.

Kuchelewa kulala peke yake si ugonjwa. Mtoto akibalehe, saa ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja. Wataalamu wanashauri wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Sisi tunawaamsha saa kumi alfajiri wakajisomee, halafu tunawaita wavivu! Ila tafiti zilizofuatilia vijana kwa miaka, zikiwemo za Marekani, zimeona kwamba shida ya usingizi mara nyingi hutangulia mawazo ya kujiua, hata ukiweka kando sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wengi wasiolala hawafiki huko. Lakini akili iliyochoka hukuza kila jambo, na usiku wa manane hakuna wa kuongea naye.

Kuna binti nilimkuta karoni saa nane usiku anafua soksi ambazo tayari zilikuwa safi. Ningemuuliza kama ana huzuni, angekataa. Nikamuuliza usingizi umempotea tangu lini. Hilo halina aibu, akajibu: tangu likizo, baba alipohama nyumbani. Yakafuata mengine. Mwishoni nikamuuliza wazi kama amewahi kuwaza kujiua. Akaitikia kwa kichwa. Usiku ule nililala naye chumba kimoja, asubuhi tukampigia mama yake, wakaenda hospitali.

Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampandikizia wazo. Sivyo, na wengi hupata ahueni wakiulizwa. Basi muulize wako mkiwa wawili, bila kufoka. Akikubali kwamba anawaza kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya watoto ni bure, Tanzania na hata Kenya. Vidonge vya usingizi usimnunulie mwenyewe, mwachie daktari. Dawa zote za nyumbani, na ya kuulia wadudu, fungia kabatini na ufunguo kaa nao wewe.