Barua kwa mwanangu: nenda palipo na wa kumwita

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho baba yako akiwa pembeni. Mtihani wa bodi umefaulu: huko Marekani umekuwa muuguzi mtabibu, "nurse practitioner" kama wanavyoita. Sasa si kutekeleza maagizo ya daktari tu. Utapima, utatambua ugonjwa, utaandika dawa kwa jina lako mwenyewe. Na kazi tatu zinakungoja: Houston, Texas, aliko mjomba wako, kliniki ya kijijini kule New Mexico, na hospitali ya Minneapolis, Minnesota, inayowalea wahitimu wapya mwaka mzima kwa mshahara mdogo kuliko zote. Unaniuliza, "Mama, niende wapi?"

Kabla ya lolote, toa paa letu kwenye hesabu zako. Hukulitaja, lakini nakujua. Nyumba imevuja miaka yote hiyo na tumo. Usihamie mji kwa ajili ya bati za Morogoro.

Habari za leseni umenieleza nikaelewa. Ya uuguzi inavuka mipaka ya majimbo mengi, ila hii mpya ya kutibu kila jimbo linatoa yake, kwa masharti yake. New Mexico hawadai daktari wa kukusimamia hata siku ya kwanza. Texas huandiki dawa mpaka uwe na mkataba wa maandishi na daktari. Minnesota wanataka kwanza ufanye saa 2,080 mahali ambapo wauguzi wa ngazi yako na madaktari wanafanya kazi pamoja, ndipo wakuachie. Hilo la Minnesota ulilisema kwa unyonge, kama mtu aliyerudishwa darasa. Mimi nilishusha pumzi. Saa 2,080, kwa saa 40 za kila wiki, ni mwaka mmoja tu, mama.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote. Mwaka 1986 nilipangiwa zahanati wilayani Liwale, cheti changu bado kinanuka wino. Nilimkuta tabibu mmoja mzee. Kwa vyeti nilimzidi, lakini usiku alipoletwa mama ambaye kondo la nyuma limegoma kutoka na damu inamwagika, yule mzee hakunisukuma kando. Aliniambia nivae glavu, akasimama nyuma yangu akinielekeza neno kwa neno, sauti yake haipandi wala haishuki. Yule mama alipona. Baada ya hapo niliwasaidia akina mama wengine wengi, peke yangu, bila kutetemeka.

Kisha mzee akahamishwa, nikabaki na mhudumu mmoja. Msimu wa mvua barabara ya Nachingwea ilikuwa haipitiki, na simu haikuwepo. Akaletwa mtoto wa miaka kama minne, homa kali na degedege. Nikasema malaria, kwa sababu watoto wote wa namna ile niliokuwa nimewaona walikuwa na malaria. Nikampa klorokwini, nikamkanda kwa maji, nikakesha naye. Alfajiri akafariki. Miezi kadhaa baadaye, kwenye semina, daktari alimwinua mtoto mwingine kichwa taratibu ili kuijaribu shingo, akatuonyesha ilivyokakamaa: homa ya uti wa mgongo. Nilitoka nje ya wodi. Shingo ya yule mtoto wangu sikuigusa usiku kucha.

Sikuwa mvivu wala mzembe, na vitabu nilivisoma. Ila nililoonyeshwa na yule mzee lilikaa mikononi, na nililolisoma tu halikunijia saa ilipohitajika. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniuliza, "Shingo umeiangalia?", sikujua hata kama kuna kitu nimekosa.

Ndiyo maana New Mexico inanitisha kwa sasa, ingawa moyo wako uko huko na nauheshimu. Ulipoanza masomo uliniambia habari za Loretta Ford, muuguzi aliyeanzisha kazi yenu Colorado mwaka 1965 ili watoto wasiofikiwa na madaktari wapate tiba. Nilimpenda mama yule. Lakini tazama, hakuanza peke yake. Alianza na daktari wa watoto, Henry Silver. Watu wa kijijini wanastahili mtabibu aliyekwisha kuiva, na ule mpango wa serikali kuu wa kulipia sehemu ya mkopo wa masomo kwa utumishi wa miaka 2 penye uhaba wa matabibu unaweza kuuomba hata baadaye.

Houston sina mengi. Kodi ya mshahara ya jimbo hakuna, mjomba yupo, pilau ya Idi ipo. Ila usidhani ule mkataba ndio mtu. Sheria ya Texas haimlazimishi daktari awe jengo moja nawe. Saini yake inaweza kuwa kliniki kwako na yeye yuko upande wa pili wa mji.

Minneapolis baridi itakutesa, na hilo sitakudanganya. Lakini Wasomali wamejaa Minnesota kuliko jimbo lolote la huko, wengi walipita kambi za Kenya na wapo wanaokijua Kiswahili, na Wakenya wapo. Atatokea bibi atakayekueleza maumivu yake kwa Kiswahili bila mkalimani, na hapo utasikia vitu ambavyo mwenzako asingevisikia.

Mimi ningeanzia huko. Hata hivyo, popote utakapoelekea, kabla ya kutia saini omba kuonana na yule atakayekufundisha, si mtu wa ofisi ya ajira. Muulize mhitimu wa mwaka jana yuko wapi sasa. Muulize wagonjwa wangapi kwa siku miezi ya kwanza. Halafu muulize hili: "Nikiwa na mgonjwa nisiyemwelewa, nikabisha hodi mlangoni kwako ukiwa na wako, utafanya nini?" Nyamaza, umsikilize anavyojibu. Kisha nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Mama yako